Nyuma ya pazia, kabla ya kamera: matanuri ya Ufipa na video za biashara ndogo

Wadau, siku hizi ukifungua biashara ndogo, iwe useremala, keki, ushonaji au kukamua alizeti, ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mwenye simu ni huu: tupia video za nyuma ya pazia. Mteja aone mbao inavyopigwa randa. Aone unga unavyochekechwa. Aone na jasho likikutoka. Na hao wanaokushauri watakuapia kwamba huu ni uvumbuzi wa juzijuzi, umekuja na Instagram ilipoanza kupokea video mwaka 2013, halafu TikTok ikamalizia kazi.

Hapo ndipo tunapoachana njia. Hili jambo ni la zamani mno, na ukilifuata vizuri linakufikisha Nkansi na Sumbawanga, kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyosimama porini mpaka leo. Nivumilieni, nitazunguka kidogo kabla ya kufika.

Tuanze Paris. Tarehe 28 Desemba 1895, kwenye mkahawa ulioitwa Grand Café, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu kumi fupifupi. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya wafanyakazi wakitoka kiwandani. Kiwanda cha nani? Chao wenyewe! Kilikuwa Lyon, kikitengeneza bamba za kupigia picha. Filamu yenyewe haifiki dakika moja: geti linafunguliwa, wanawake wanatoka na magauni marefu, wanaume nao, baiskeli, mbwa, basi. Yaani historia ya sinema inaanza na wenye biashara wakionyesha biashara yao. Mtu asikudanganye kwamba hili limeletwa na vijana wa mitandaoni.

Lakini angalia kamera iliwekwa wapi. Nje ya geti. Watazamaji wa Paris waliona sura za wafanyakazi, hawakuona hata chembe ya dawa iliyopakwa kwenye zile bamba, na dawa hiyo ndiyo iliyowatajirisha wenye kiwanda. Tena filamu hiyo ina matoleo matatu tofauti, maana yake wafanyakazi walitoka getini kwa ajili ya kamera zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, "nyuma ya pazia" imekuwa kitu kilichopangwa. Kuna kinachoonyeshwa, kuna kinachobaki ndani.

Sasa twende nyumbani.

Ufipa ni uwanda wa juu, uko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Baridi yake mnaijua mliosoma bweni huko. Wafipa ni wakulima hasa, na kilimo chao cha asili kina kitu kinachoitwa intumba: majani yanalimwa na kufukiwa ndani ya vilima vidogo vya udongo ili yaoze yawe mbolea, halafu unapanda. Mtu aliyewahi kulima tuta moja tu la viazi anaweza kukisia kazi iliyopo hapo. Huwezi kufanya kilimo hicho kwa kijiti. Unahitaji jembe, na jembe zito. Ndiyo maana jembe la chuma kule lilikuwa mtaji, tena lilisafiri mpaka kwa majirani kama bidhaa.

Na jembe hilo lilitengenezwa hapohapo, kuanzia jiwe. Tanuri kubwa linaitwa ilungu, yakiwa mengi ni malungu. Ni mnara wa udongo, chini mpana, juu mwembamba, wenye urefu wa kama mita 3. Yaani mtu mrefu angesimama ndani asionekane. Lilipangwa mawe ya chuma na mkaa, chini likazungushiwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Halina mivukuto. Hewa inajivuta yenyewe kwa sababu ya urefu wa mnara, kama bomba la moshi, na moto unawaka siku kadhaa. Kinachotoka si chuma safi. Ni bonge lenye taka nyingi. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo sasa mivukuto ilitumika, chuma kikasafishwa. Baada ya hapo ndipo mhunzi akachukua nyundo.

Msidhani malungu ndiyo mtindo pekee. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania aliyefanya utafiti wa shahada yake ya udaktari huko kusini magharibi (aliikamilisha mwaka 1995, Chuo Kikuu cha Florida) na baadaye akatoa kitabu kizima kuhusu chuma cha Ufipa mwaka 2010, ameonyesha kwamba kulikuwa na teknolojia nyingine yenye matanuri mafupi, iitwayo katukutu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Wafipa walifua chuma hivi", muulize Wafipa wa wapi na wa lini. Hata karakana mbili za leo hapo Sumbawanga mjini hazichomelei geti kwa namna moja.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote. Kazi ya ilungu ilikuwa na pazia lake. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa kilichoitwa intangala, na vilivyokuwa ndani ya kikapu hicho havikuwa vya kila mtu. Tanuri lenyewe lilichukuliwa kama bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, kuku akachinjwa, na wakati wa kuyeyusha mafundi walitakiwa kujitenga na wake zao, maana wakati huo mke wao ni tanuri na chuma ndicho mtoto anayesubiriwa. Dawa ziliwekwa chini, kwenye sakafu ya tanuri, mahali ambapo mpita njia hawezi kuziona.

Najua wengine mmeshaanza kutabasamu. Sumbawanga! Mji ambao jina lake lenyewe linaelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi", na kila ukitaja kwamba unatoka huko kuna mtu atajifanya anakuogopa. Utani huo umechakaa, jamani. Mimi ukiniuliza, intangala ilikuwa vitu vingi kwa pamoja: dini, bima dhidi ya hasara (siku kadhaa za moto zikiharibika, hasara yake si ndogo), na pia kibali cha kazi. Asiye na kikapu si fundi, hata kama amekariri hatua zote. Leo tungesema leseni pamoja na siri ya biashara, vyote kwenye mfuko mmoja.

Halafu tazama jinsi alivyopanga. Nyimbo zilisikika. Moshi ulionekana mbali. Mkaa ulichomwa na kubebwa na watu, tanuri lilipambwa, harusi ilikuwa harusi. Fundi mkuu wa Kifipa hakufanya kazi yake kwenye chumba kilichofungwa. Alionyesha kazi, ukubwa wake, uzito wake na heshima yake, na akaficha kitu kimoja tu: kilichomo kwenye kikapu. Kama wale ndugu wa Lyon na geti lao, na hakuhitaji kufundishwa na mtu wa masoko.

Biashara hii iliuawa taratibu. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalianza kuingia na yalikuwa rahisi. Kodi ya mkoloni ilidaiwa kwa fedha taslimu, vijana wakaenda kutafuta vibarua mbali. Kufikia miaka ya 1930 matanuri yalikuwa yamezimwa au yanakaribia kuzimwa. Hakuna aliyeyabomoa. Yaliachwa tu, yakaota majani.

Na ni wakati yanazimika ndipo wenye kalamu walipozidi kufika. Padre Wyckaert wa shirika la White Fathers alichapisha makala mwaka 1914 kwenye jarida la Anthropos, kwa Kifaransa, kuhusu wafua chuma wapagani na wafua chuma Wakristo wa Tanganyika. Kichwa chenyewe kinakuonyesha kilichokuwa kinamsumbua. Mwaka 1937 Greig akaandika kuhusu kuyeyusha chuma Ufipa kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1958 Wise akaandika kwenye jarida hilohilo, mara mbili, moja kuhusu ufundi na moja kuhusu mila zake. Mwaka 1969 alikuwa J.A.R. Wembah-Rashid, Mtanzania. Miaka ya 1990 akaja Randi Barndon kutoka Norway, na Mapunda niliyemtaja.

Bila watu hawa nisingekuwa na la kuandika hapa, nasema hivyo bila kejeli. Wengine walifanya kazi nzuri sana. Lakini nenda maktaba utafute. Utatafuta kwa jina la padre, la mwandishi, la profesa. Hakuna jalada lenye jina la fundi mkuu. Na maandishi yote niliyoyataja yako kwa Kifaransa au Kiingereza. Kikapu kilifunguliwa, yaliyomo yakaorodheshwa, na mwenye kikapu hakuuza hata jembe moja zaidi kwa sababu ya maelezo hayo. Jiko lake lilionyeshwa kwa watu ambao hawakuwa wateja wake wala hawangekuwa.

Filamu nazo zilikuja kwa mlango huohuo. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na mradi uitwao Bantu Educational Kinema Experiment, ukisimamiwa na Notcutt na Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Walitengeneza filamu 35 hivi na kuzizungusha kwa gari Afrika Mashariki na ya Kati, sauti ikiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali. Mada zake? Chai, ngozi, kuuza kahawa, akiba ya posta, minyoo ya safura. Ukizitazama kwa jicho la leo, nyingi zilikuwa video za "hivi ndivyo kinavyotengenezwa". Tofauti ni kwamba aliyeshika kamera alikuwa na jibu tayari: njia bora ni ile ya serikali. Mkulima akionekana humo, anaonekana akifundishwa.

Hapa niingize pembeni kidogo kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Rashidi Kawawa, huyuhuyu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mfanyakazi wa serikali kwenye shughuli za sinema za ustawi wa jamii, na akaigiza. Muhogo Mchungu ni filamu yake. Kwa hiyo tuliwahi kuwa na kiongozi aliyejua kamera ikoje kutoka pande zote mbili. Haya, turudi.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka mkoa mwingine, Kagera, kwa Wahaya. Nao waliyeyusha chuma, nao waliacha. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, aliwaomba wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuri tena na kuyeyusha. Wazee walikubali. Lakini mikono ilikuwa imesahau! Majaribio ya mwanzo yalisumbua, ikabidi wajaribu tena na tena mpaka wakapata. Matokeo yake Schmidt na mwenzake Avery waliyachapisha kwenye jarida la Science mwaka 1978, dunia ikashtuka, na mwaka 1988 ikatoka filamu iitwayo The Tree of Iron. Ni filamu nzuri. Mimi naipenda kwa sababu unawaona wazee wanabishana, wanakosea, wanacheka. Hiyo ndiyo nyuma ya pazia ya kweli.

Ila piga hesabu. Hao ni watu waliofanya kazi hiyo wenyewe, na ilikuwa imepita kama miaka 50 tu. Kizazi kimoja na nusu. Kama hao walihitaji kujaribu mara kadhaa, mjukuu wao angeanzia wapi?

Sasa Sumbawanga ya leo. Kwanza kamera zilifika mijini kwetu kwa njia ya harusi. Miaka ya 1990 na 2000 mtu wa video alikuwa na mkanda wa VHS begani na taa inayopofusha bibi harusi, na ili kujaza mkanda alikwenda jikoni kupiga masufuria ya pilau na akina mama wanaomenya vitunguu. Hakuna aliyemwagiza. Lakini muulize yeyote aliye na mkanda wa zamani nyumbani ni sehemu gani watu wanairudisha nyuma wakaitazama tena. Hotuba ya kamati? Thubutu. Ni jikoni, kwa sababu pale ndipo alipo shangazi ambaye sasa hayupo.

Pili, barabara. Kabla ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za MCC ya Marekani chini ya mkataba wa 2008 hadi 2013, kusafirisha bidhaa kutoka huko masika ilikuwa kazi ya kuombeana dua. Mteja wa fundi wa Sumbawanga alikuwa mtu wa Sumbawanga. Alipita karakanani, akaona, akashika, akabishana bei. Hakuhitaji video. Lami ilipofika, mafuta ya alizeti, samaki wakavu, samani na unga vinaweza kuwa Mbeya siku hiyohiyo na Dar kesho yake. Bidhaa inafika kwa mtu ambaye hajawahi kukuona na labda anajua utani mmoja tu kuhusu mji wako. Hapo video ya nyuma ya pazia ina kazi halisi: inachukua nafasi ya ile safari ya kupita karakanani.

Basi tumfikirie mhunzi wa leo, maana wapo. Haanzii kwenye jiwe tena. Anachukua springi ya gari bovu, anaipasha moto, anaigonga, inakuwa shoka, panga au jembe la kukwatulia. Tuseme kijana wake ana simu na anataka kurekodi. Kama angemuuliza fundi wa ilungu ushauri, nadhani angeambiwa: onyesha moto, onyesha kipande kilichopasuka ukakitupa, onyesha chuma kilivyokuwa kabla, na muda kazi inaochukua ili mtu akiuliza mbona bei hiyo, jibu analo machoni. Kuna jambo moja usionyeshe. Kwa mhunzi huenda ni rangi gani ya chuma anaisubiri kabla ya kuzamisha kwenye maji au mafuta. Kwa mama wa keki ni kipimo. Kwa mkamuaji ni anayemuuzia mbegu. Kila biashara ina intangala yake, na mwenye biashara anaijua hata kama hajawahi kuitaja.

Ninachowalaumu vijana wenzangu wanaopiga video hizi kwa malipo ni kitu kingine: wanaonyesha mikono tu! Mikono, cheche, muziki wa Bongo Fleva, nembo ya duka. Aliyefanya kazi ni nani? Haijulikani. Tumerudi kwa Wyckaert na Greig, safari hii bila kisingizio. Kumtaja mtu ni maneno mawili kwenye maelezo. Na kama hataki kutajwa au kuonekana, hiyo nayo ni haki yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa mpaka sura ya msaidizi wako wa karakana. Muulize kwanza, kabla hujabonyeza, usimuulize baada ya watu elfu tano kuona.

Halafu suala la kuhifadhi. Video nyingi za mafundi wetu zinaishia kwenye status ya WhatsApp, ambayo baada ya saa 24 imefutika. Kinachobaki kiko kwenye simu, simu inaibwa au inatumbukia kwenye ndoo, na kazi ya mwaka mzima imekwenda. Zile zilizopigwa kwa ukamilifu, mzee akieleza kwa Kifipa au Kiswahili hatua kwa hatua kwa dakika 20, hazipendwi mtandaoni kwa sababu ni ndefu. Sawa, mtandaoni weka sekunde 30. Lakini ile ya dakika 20 usiifute. Iweke kwenye flashi mbili, moja kwako, nyingine kwa mwenye kazi, jina na tarehe vikiwa vimeandikwa.

Kuna ofisi ya SIDO mkoani Rukwa, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kuna walimu wa ufundi, na kuna maparokia yenye makabati ya karatasi za zamani. Sehemu yoyote kati ya hizo inaweza kupokea flashi. Na kama kuna mdau ambaye babu yake alikuwa akisimulia habari za ilungu jioni, na bado yupo hai mtoto wa mzee huyo anayeikumbuka nyimbo hata moja, mwende mkamrekodi, kwa idhini yake na kwa jina lake. Yeye ndiye aamue kikapu kinafunguliwa mpaka wapi.